Tangi la Matumbawe Lisilotulia: Kutambua na Kurekebisha Matatizo ya Maji Katika Miezi ya Mwanzo

Anayeanzisha tangi la matumbawe Unguja au Pemba, liwe la skuli, la hoteli au la nyumbani, ana bahari karibu na mlango wake, na ukaribu huo mara nyingi humfanya aamini kwamba maji yake hayahitaji kupimwa. Bahari hujirekebisha kwa ukubwa wake, lakini lita 200 zilizofungiwa ndani ya vioo haziwezi. Feni inayovukiza maji, chakula kinachobaki, pumzi za watu waliolala chumbani na ndoo moja ya maji ya mfereji, kila kimoja hubadilisha kemia ya tangi ndani ya siku chache. Kwa hiyo kila sehemu ya mwongozo huu inaanza na dalili inayoonekana, kisha inatafuta chanzo, kwa sababu kitu kinachotiwa tangini kabla chanzo hakijajulikana huongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Viwango vya kulenga ni hivi: joto la nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi, chumvi gramu 35 katika kila kilo ya maji, sawa na uzito linganifu (uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi) wa takriban 1.026; pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, kati ya 7.8 na 8.4; alkaliniti digrii 7 hadi 9 za kipimo cha dKH; kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita; magnesiamu miligramu 1,250 hadi 1,350; amonia na nitriti zisiwepo; nitrati chini ya miligramu 10, na fosfati chini ya 0.1. Alkaliniti ni uwezo wa maji kumeza asidi bila pH kuanguka, nayo ndiyo akiba ambayo matumbawe huchota ili kujenga mifupa yao. Katika vipimo vyote hivi, ndicho ninachokiangalia kwanza baada ya joto na chumvi.

Vipimo vyote vimeshuka, au vimepanda, kwa pamoja

Tuseme umepima ukakuta kalsiamu 370, magnesiamu 1,150 na alkaliniti digrii 6. Wengi hukimbilia kununua dawa tatu za kuongeza vitu hivyo vitatu. Kabla ya kufanya hivyo, pima chumvi. Maji ya bahari yenye kalsiamu 420 na magnesiamu 1,300 yakizimuliwa mpaka chumvi ifike gramu 31, kalsiamu yake huwa takriban 372 na magnesiamu takriban 1,151. Hakuna kilichopungua isipokuwa chumvi yenyewe, nayo ikirudishwa, vyote vitatu hurudi pamoja.

Chanzo cha chumvi kuwa chini, kwa visiwa vyetu, mara nyingi ni mahali na wakati maji yalipotekwa. Wakati wa masika maji ya mvua hutiririka hadi ufukweni na kuelea juu ya maji mazito ya chumvi, hivyo dumu linalojazwa kwa kuinamia ukingoni huchota tabaka la juu, lililozimuka. Maji yanayotekwa kwenye vijito na mikokoni yana kasoro hiyo hiyo, pamoja na matope. Maji mazuri hupatikana nje ya mwamba kwa ngalawa au boti, bahari ikiwa imetulia na maji yamejaa, na dumu likizamishwa chini ya uso. Ufuo wa Mji Mkongwe na eneo la bandari ya Malindi haufai hata maji yakionekana safi, kwa kuwa maji machafu ya mjini na mafuta ya vyombo huishia huko. Chombo cha kutekea nacho kiwe cha plastiki ya vyakula. Pipa lililowahi kuwa na mafuta, sabuni au dawa ya shamba lisitumike hata likioshwa mara ngapi. Maji yakifika, yaweke katika pipa lenye kifuniko, gizani, pampu ikiyazungusha kwa wiki moja au mbili, maana viumbe vidogo vilivyomo hufa na kuoza. Pima amonia ya pipa hilo kabla ya kuyatumia.

Chumvi ikiwa juu, chanzo karibu kila mara ni uvukizaji. Maji yanapovukizwa, chumvi hubaki. Tangi la lita 200 lenye chumvi 35 likipoteza lita 10 hufikia takriban 36.8, na mtu akijazia kwa maji ya bahari ataendelea kupandisha kila juma. Kinachovukizwa ni maji matupu, yasiyo na chumvi wala madini, kwa hiyo kijaziwe kwa maji matupu.

Ikibidi kusahihisha, usibadilishe chumvi kwa zaidi ya gramu 1 kwa siku. Na kabla ya kusahihisha chochote, hakikisha kipimo chenyewe kinasema kweli. Haidromita yenye mkono wa plastiki hukamatwa na mapovu ya hewa, nayo mapovu hayo huuinua mkono, ukasoma chumvi nyingi kuliko iliyopo. Refraktomita ni bora zaidi, ilimradi irekebishwe kwa mmumunyo wa gramu 35 na si kwa maji matupu peke yake. Tone la maji likishatandazwa chini ya kifuniko chake, subiri nusu dakika joto lilingane, ndipo uielekeze kwenye mwanga na usome mpaka kati ya buluu na nyeupe.

Maji meupe kama maziwa

Weupe wa siku za mwanzo una vyanzo vitatu: vumbi la mchanga, chokaa iliyojitenga na maji, au wingi wa bakteria. Ili kuvitofautisha, chukua maji ya tangi katika gilasi mbili safi, na katika moja tia vijiko kadhaa vya siki nyeupe. Weupe ukiyeyuka baada ya dakika chache na gilasi ikawa angavu kuliko mwenzake, ulichonacho ni chokaa au vumbi la mchanga wa matumbawe, ambao nao ni chokaa. Weupe ukibaki ulivyo, ni bakteria.

Vumbi la mchanga halina madhara na hutulia baada ya siku moja au mbili. Chokaa iliyojitenga ni jambo jingine, na dalili yake ni kwamba alkaliniti imeshuka ghafla kuliko ulivyoipima jana. Hutokea pale mtu anapotia kiongeza alkaliniti na kiongeza kalsiamu kwa wakati mmoja, au mahali pamoja, vikakutana kabla ya kuchanganyika na maji mengine. Acha kutia chochote kwa siku mbili, safisha pampu, kisha pima upya. Bakteria nao hupungua wenyewe chakula kinapopunguzwa, lakini hula oksijeni nyingi usiku. Elekeza pampu ili uso wa maji uchemke kwa mawimbi hadi maji yatakapokuwa angavu.

Amonia haishuki, au imerudi

Katika tangi jipya, bakteria wa aina moja hugeuza amonia, sumu inayotoka kwenye vitu vinavyooza, kuwa nitriti, na wengine hugeuza nitriti kuwa nitrati. Kuwakuza huchukua kwa kawaida wiki nne hadi sita, na hakuna haja ya kumtesa samaki kwa kazi hiyo. Kipande kidogo cha kamba mbichi kikiachwa kioze tangini kinatosha kuwalisha.

Ikiwa wiki sita zimepita na amonia ingali juu, tafuta kwanza kilichokufa. Inua mawe uyanuse, maana jiwe lenye kiumbe kinachooza ndani lina harufu ya yai bovu. Kisha kumbuka kama uliwahi kutia maji ya mfereji yenye klorini, kwa sababu klorini huwaua bakteria unaowangoja. Mwisho pima alkaliniti, kwa kuwa kazi ya bakteria hawa hutoa asidi na huila alkaliniti, na ikishaanguka sana kazi yenyewe hupunguza kasi.

Amonia inayorudi katika tangi lililokwisha tulia mara nyingi hufuata kukatika kwa umeme. Pampu zikisimama, bakteria waliomo ndani ya mawe na vichujio hukosa oksijeni. Waliokuwapo Unguja katika ule ukosefu wa umeme wa takriban miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009, hawahitaji kuelezwa kwa nini pampu ya hewa ya betri ni kifaa cha lazima na si cha anasa. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, usiwashe kichujio kilichofungwa bila kukifungua na kukisuuza kwa maji ya tangi, maana maji yaliyokwama ndani yake yamekwisha kuoza.

Jambo moja huongeza hatari: sehemu ya amonia iliyo sumu hukua kadiri pH na joto vinavyopanda. Amonia ile ile, pH ikitoka 7.8 hadi 8.2, sumu yake huongezeka karibu mara mbili na nusu. Kwa hiyo kama kuna viumbe ndani, usipandishe pH mpaka amonia iishe. Badilisha sehemu ya maji badala yake.

Nitriti, kwa upande wake, haina ukali ule inaokuwa nao katika maji yasiyo na chumvi, kwa sababu kloridi ya maji ya bahari huwakinga samaki. Hata hivyo huvuruga vipimo vingi vya nitrati, vikaonyesha nitrati nyingi ambayo haipo. Usihangaike na nitrati kabla nitriti haijaisha.

Alkaliniti na kalsiamu zinapanda bila kuongezwa

Hili ndilo tatizo linalotuhusu sisi wa visiwani zaidi ya wote, na ndilo linalochukua muda mrefu kugunduliwa. Chini ya sehemu kubwa ya Unguja kuna mwamba wa chokaa uliojengwa na matumbawe ya kale, na maji ya visima na ya mifereji yamepita humo. Angalia ndani ya birika la chai la nyumba yoyote: ule ukoko mweupe uliogandamana chini ni chokaa iliyoachwa na maji hayo. Ukijazia tangi kwa maji hayo kila siku, maji huvukizwa na chokaa hubaki, kama inavyobaki birikani, na baada ya miezi miwili alkaliniti iliyokuwa digrii 8 inaweza kufika 11 au 12 ilhali hujatia dawa yoyote. Visima vya karibu na pwani huongeza na chumvi juu yake, maana bahari huingia chini ya ardhi pale maji yanapovutwa kwa wingi.

Pamoja na chokaa huja nitrati, fosfati na silika, kutegemea kisima kiko karibu na shimo la choo, shamba au machimbo. Ndiyo maana hakuna njia ya mkato hapa: maji ya kujazia yapite katika mashine ya kuchuja kwa osmosi, na ikiwezekana yamalizie katika chujio la resini, kisha yapimwe kwa kile kipimo kidogo cha kalamu kinachoonyesha madini yaliyoyeyuka. Kipimo kionyeshe sifuri au karibu na sifuri. Kikianza kupanda, resini imechoka.

Watu hujaribu mbadala. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi yanaonekana matupu, lakini yamepita juu ya mirija ya shaba, na shaba kwa kiasi kidogo mno huua matumbawe, konokono na kamba. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati hubeba zinki na kinyesi cha ndege. Maji ya betri yanayouzwa madukani ni maji yaliyoondolewa madini na yanaweza kuokoa siku moja au mbili, iwapo chupa imefungwa vizuri na una hakika kwamba si asidi ya betri, kwani vyote viwili huweza kukaa rafu moja. Maji ya chupa ya kunywa yana madini yake, na hayafai kuwa desturi.

Tangi ambalo alkaliniti yake imekwisha panda lisitiwe asidi. Badilisha maji ya kujazia leo, kisha badilisha sehemu moja ya kumi ya maji ya tangi kila juma kwa maji ya bahari yaliyopimwa. Alkaliniti itashuka polepole, na matumbawe hustahimili mwendo huo.

pH iko chini, hasa asubuhi

Kwanza tambua kwamba pH hushuka usiku na kupanda mchana kwa sababu ya usanisinuru; kusoma 7.9 alfajiri na 8.2 alasiri si ugonjwa. Ikishuka chini ya 7.8 kila siku, kuna sababu mbili za kuchunguzwa: hewa ya chumba au upungufu wa alkaliniti.

Chota maji ya tangi katika gilasi kubwa, pima pH, kisha itoe gilasi hiyo nje, uiweke barazani kivulini, na upulizie hewa kwa pampu ndogo kwa saa moja. Pima tena. Ikiwa pH imepanda waziwazi, maji yako hayana kasoro. Chumba kimefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, watu wanapumua ndani yake, kaboni dioksidi imejaa, nayo inayeyuka majini na kuwa asidi. Fungua dirisha, au pitisha mpira wa pampu ya hewa uvute hewa kutoka nje. Ikiwa pH haikupanda, pima alkaliniti, na bila shaka utaikuta chini.

Ninasisitiza jaribio hili kwa sababu vichupa vya kupandisha pH vinauzwa kwa urahisi na huharibu matangi mengi. Hupandisha namba kwa saa chache, hewa ya chumba huirudisha chini, mwenye tangi hutia tena, na kila anapotia, alkaliniti hupanda bila yeye kujua, mpaka siku maji yanapogeuka maziwa.

Alkaliniti inashuka

Matumbawe yanayokua huila alkaliniti, na huko ndiko kushuka kunakotakiwa. Lakini katika tangi la mwezi wa kwanza, lisilo na matumbawe, alkaliniti ikishuka kila siku, fungua pampu na utazame hita. Ukiona ukoko mgumu mweupe umeshika sehemu za moto, chokaa inajitenga. Chanzo huwa ni alkaliniti au pH iliyopandishwa kupita kiasi, au magnesiamu iliyo chini, kwa kuwa magnesiamu ndiyo inayozuia kalsiamu na karboneti zisishikamane kuwa chokaa. Rekebisha magnesiamu kwanza. Vingine havitakaa sawa kabla yake.

Kupandisha alkaliniti hakuhitaji dawa ya bei ghali. Bekingi soda safi, isiyochanganywa na unga mwingine, inatosha: gramu 3 huongeza digrii 1 katika lita 100 za maji. Isiwe bekingi pauda, wala magadi ya sokoni ambayo hayajulikani yamebeba nini. Iyeyushe katika maji matupu, imimine polepole mbele ya pampu, na usizidishe digrii 1 kwa siku. Kalsiamu, kama inahitajika, itiwe saa kadhaa baadaye.

Ukitilia shaka kipimo chako cha alkaliniti, tunayo njia nzuri ya kukihakiki. Pima maji yaliyotekwa mbali nje ya mwamba wakati wa kiangazi. Yakiwa na chumvi ya 35, alkaliniti yake iwe karibu digrii 6.5 hadi 7. Kipimo kikisema 10, tatizo liko kwenye kichupa.

Ukoko wa kahawia na nyuzi za kijani

Vumbi la kahawia linalotanda kwenye mchanga katika wiki za mwanzo hulishwa na silika. Hutoweka lenyewe silika ikiisha, ilimradi maji ya kujazia yasilete nyingine. Nyuzi za kijani zinaashiria fosfati na nitrati, hata pale kipimo kinaposoma sifuri, kwa maana mwani umekwisha kuvila. Mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu ni msingi mzuri wa tangi, lakini hukaa na fosfati ya udongo. Yaloweke pipani, badilisha maji kila juma, na uyaingize tangini pale fosfati ya pipa inapokoma kupanda.

Afadhali kungoja mawe hayo kuliko kwenda kuvunja jiwe hai baharini. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuyachukua baharini bila kibali ni kosa, na kipande kinachovunjwa kwa nukta moja kimechukua miaka kujengwa. Tangi linaloua kiumbe kimoja ili kupamba sebule halina heshima kwa bahari tunayoila.

Matumbawe yanapauka au nyama inabanduka

Nyama inayobanduka kuanzia chini ya shina, rangi ikiwa bado ipo, mara nyingi hufuata mruko wa alkaliniti. Angalia daftari lako la vipimo vya siku saba zilizopita. Rangi inayotoka huku nyama ikiwa mahali pake ni kupauka, na sababu kubwa ni joto, ikifuatwa na taa kali iliyowashwa ghafla. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipauka, ingawa nyongeza ilikuwa ni ya nyuzi chache tu. Wakati wa kaskazi chumba kisicho na kiyoyozi hufikisha tangi nyuzi 30 au zaidi, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo.

Feni inayopuliza uso wa maji hushusha joto kwa nyuzi mbili hivi, pungufu siku ya unyevu mwingi, nayo huongeza uvukizaji, kwa hiyo chumvi ipimwe kila siku feni inapofanya kazi. Usitie barafu moja kwa moja majini. Weka chupa iliyofungwa yenye barafu, na ushushe nyuzi 1 kwa siku. Punguza saa za taa kwa nusu, simamisha kila nyongeza isipokuwa ile ya kushikilia alkaliniti pale ilipo, na uongeze mzunguko wa maji. Tumbawe lililopauka bado liko hai na linaweza kurudisha rangi baada ya wiki kadhaa. Lile ambalo nyama yake imekwisha kuoza litolewe siku hiyo hiyo, kisha amonia ipimwe jioni na asubuhi inayofuata.